Mafuta kwenye ini: Ugonjwa usio na maumivu unaohitaji kutambuliwa mapema

WAKAZI wengi wa Kisumu na vijiji vilivyo kando ya Ziwa Victoria wanapoambiwa kuwa mtu anaugua ini, fikira zao huelekea kwa mambo matatu: pombe, kichocho au homa ya ini aina ya B.

Dhana hiyo haikosi msingi, kwani magonjwa hayo yamekuwapo katika eneo hili kwa miaka mingi na yangali yanaua. Hata hivyo, kuna chanzo cha nne ambacho hakitajwi sana, nacho huwapata hata watu wasioonja pombe maishani mwao. Chanzo hicho ni mafuta yanayorundikana ndani ya ini lenyewe.

Watafiti wanakadiria kuwa karibu watu wazima 30 kati ya kila 100 ulimwenguni wana hali hii. Mwaka 2023 vyama vya kimataifa vya madaktari wa ini viliipa jina jipya linaloihusisha moja kwa moja na hitilafu za mwili katika kutumia chakula, yaani unene, kisukari, shinikizo la damu na mafuta mabaya kwenye damu.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Uzuri wake ni kwamba ukigunduliwa mapema ini linaweza kurejea katika hali yake ya kawaida, mara nyingi bila dawa yoyote.

Jinsi mafuta yanavyoingia

Ini linaweza kulinganishwa na ghala la nafaka katika boma la mkulima. Baada ya mlo, sukari inayotokana na ugali, wali, mkate, viazi au soda huingia kwenye damu, na ini huweka akiba ya sehemu yake ili mwili uitumie baadaye, kwa mfano usiku mtu anapolala.

Ghala hilo lina kikomo. Likishajaa, na chakula kingali kinaingia, ini huigeuza ziada hiyo kuwa mafuta. Baadhi ya mafuta hayo husafirishwa hadi sehemu nyingine za mwili, na mengine hubaki pale pale. Mafuta yanapoonekana katika zaidi ya asilimia 5 ya chembechembe za ini, madaktari husema ini limeingiwa na mafuta.

Homoni ya insulini, inayotengenezwa na kongosho, ina nafasi kubwa katika jambo hili. Mtu anaponenepa kiunoni, mwili wake huacha kuitii insulini ipasavyo. Mafuta yaliyohifadhiwa tumboni huanza kuvuja na kuingia kwenye damu, kisha huishia kwenye ini. Ndiyo maana ugonjwa huu na kisukari hufuatana kama pacha.

Sukari ya mezani huchangia kwa njia yake. Nusu yake ni glukosi, ambayo hutumiwa na mwili mzima, na nusu ni fruktosi, ambayo kwa kiasi kikubwa hushughulikiwa na ini. Anayekunywa vinywaji vitamu mara kwa mara hulibebesha ini lake mzigo ambao viungo vingine havimsaidii kuubeba.

Watu wengi wenye mafuta kwenye ini hawafiki mbali zaidi ya hapo. Lakini kwa baadhi yao ini huanza kuvimba na kuwaka, kisha makovu hujitokeza. Makovu yakienea, ini hugeuka gumu na kushindwa kufanya kazi, na hatari ya saratani huongezeka. Safari hiyo huchukua miaka mingi, na katika sehemu yake kubwa mgonjwa huwa anaendelea na shughuli zake bila kujua lolote.

Isitoshe, kinachowaua zaidi watu wenye hali hii si ini bali ni moyo. Mafuta kwenye ini ni ishara kwamba mishipa ya damu nayo imo hatarini.

Maisha yaliyobadilika

Si vigumu kuona ni kwa nini ugonjwa huu umepata nafasi katika eneo la ziwa. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2008/2009 ulipata kuwa wanawake 25 kati ya 100 humu nchini walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Kufikia 2014 idadi hiyo ilikuwa 33, na uchunguzi wa 2022 ukaonyesha 45 kati ya 100 miongoni mwa wenye umri wa miaka 20 hadi 49.

Kazi nazo zimebadilika. Katika miaka ya 1990 na mapema miaka ya 2000, abiria mjini Kisumu walibebwa kwa baiskeli, na mwendeshaji wa boda boda alikanyaga pedeli kutwa nzima. Serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mnamo 2008, baiskeli zilianza kutoweka barabarani. Mwendeshaji wa leo hukaa juu ya injini kuanzia alfajiri hadi usiku, huku chakula chake kikiwa ni kile kile cha aliyekanyaga baiskeli, au zaidi.

Hali ni hiyo hiyo kwa abiria wake. Safari ya kutoka Nyalenda au Manyatta hadi katikati ya mji, ambayo wengi waliitembea kwa miguu, sasa hulipiwa pesa kidogo na kumalizika kwa dakika chache.

Upishi wa samaki una historia yake. Mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezaana kwa wingi. Viwanda vya minofu vikafunguliwa, nyama ikasafirishwa ng'ambo, na mifupa yenye mabaki ya nyama ikabaki kwa wenyeji. Mifupa hiyo, maarufu kama mgongo wazi, hukaangwa na akina mama katika mtaa wa Obunga kwa mafuta mengi na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato cha chini anaimudu.

Samaki mwenyewe si adui wa ini. Mafuta yake ya asili ni miongoni mwa yale yanayofaa mwili. Tatizo liko katika mafuta ya kukaangia, hasa yale yanayopashwa moto mara nyingi hadi yakawa meusi, pamoja na kilima cha ugali kinachofuatana na kipande kidogo cha kitoweo.

Kwa sababu hiyo, si sahihi kuuita ugonjwa huu maradhi ya matajiri. Anayekula mandazi na chai yenye sukari nyingi asubuhi, chapati mchana na ugali mkubwa usiku anaweza kuupata hata kama hajawahi kuingia katika hoteli ya kifahari.

Walio katika hatari zaidi

Kwa mujibu wa mwongozo wa 2023, mtu aliyegunduliwa kuwa na mafuta kwenye ini huhesabiwa kuwa na ugonjwa huu akiwa na angalau moja kati ya hitilafu tano.

Ya kwanza ni uzani uliozidi kiasi, au kiuno kinachozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Ya pili ni sukari ya damu ya 5.6 au zaidi kabla ya kula chochote asubuhi, au kisukari kilichokwisha kuthibitishwa. Ya tatu ni shinikizo la damu la 130 kwa 85 au zaidi. Ya nne ni wingi wa mafuta aina ya trigliseridi kwenye damu, na ya tano ni upungufu wa kolesteroli ile inayolinda mishipa.

Kipimo cha kiuno hakihitaji daktari. Utepe wa fundi cherehani unatosha, ukizungushwa kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya mtu kutoa pumzi kwa utulivu.

Wembamba si kinga kamili. Baadhi ya watu, hasa wenye asili ya Bara Hindi, ambao familia zao zimeishi Kisumu tangu enzi za reli iliyofika mjini humo 1901, hupata mafuta kwenye ini na kisukari wakiwa na uzani ambao kwa wengine ungeonekana wa kawaida. Kwa wanaume wa jamii hizo, kiwango cha tahadhari cha kiuno hushushwa hadi sentimita 90.

Kundi jingine linalostahili kuangaliwa kwa makini ni watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kuwa maambukizi miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 yalikuwa asilimia 19.6 Homa Bay, 17.5 Kisumu na 15.3 Siaya, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9.

Dawa za kupunguza makali zimewapa watu hawa maisha marefu. Baadhi yao huongeza uzani baada ya kuanza dawa zinazotumiwa sasa, na baadhi ya dawa za zamani zilijulikana kuleta mafuta kwenye ini. Hilo si sababu ya kuacha dawa hata siku moja, kwani kuziacha kuna hatari kubwa zaidi. Linalofaa ni mgonjwa kuomba kiuno, sukari na shinikizo la damu vipimwe anapoenda kliniki kuchukua dawa zake, ambako tayari hupandishwa kwenye mizani.

Magonjwa yanayofanana

Katika eneo hili, tumbo kuvimba au kutapika damu huweza kutokana na sababu mbalimbali, na tiba ya moja haifai nyingine.

Kichocho cha tumbo huletwa na minyoo ambao vimelea vyao hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliye ziwani. Waoshaji wa magari ufuoni mwa Kisumu walichunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya (KEMRI) na wenzao wa Marekani, kwa sababu kazi yao iliwaweka majini kila siku. Mayai ya minyoo hao hukwama katika mishipa ya ini na kusababisha makovu, wengu huvimba, na damu hulazimika kutafuta njia nyingine. Tiba yake ni dawa ya prazikwanteli.

Homa ya ini aina ya B huletwa na virusi, na huambukizwa kupitia damu, ngono, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Watoto wachanga humu nchini wamekuwa wakichanjwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hivyo watu wazima waliozaliwa kabla ya hapo ndio wanaopaswa kupimwa zaidi. Asiye na virusi anaweza kuchanjwa, na aliye navyo anaweza kupewa dawa za kuvizuia.

Kuna pia sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mnamo 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa Kenya. Mbali na kuua kwa haraka, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya aina ya B.

Jambo la kuzingatia ni kwamba magonjwa haya hayafukuzani. Mvuvi mmoja anaweza kuwa na makovu ya kichocho, virusi vya aina ya B na mafuta kwa wakati mmoja, na kila kimoja huongeza madhara ya kingine. Kwa hivyo, mtu anapoambiwa ana mafuta kwenye ini, ni haki yake kuuliza iwapo amepimwa homa ya ini na kichocho pia. Familia nazo zinapodhani mgonjwa amerogwa na kumzungusha kwa waganga, muda ambao ungemwokoa hupotea.

Vipimo

Picha ya altrasaundi ndiyo njia inayotumiwa sana kuona mafuta kwenye ini, na hupatikana katika hospitali nyingi za kaunti na vituo vya kibinafsi. Ina upungufu wake, kwani mafuta yakiwa kidogo yanaweza kutoonekana.

Kipimo cha damu cha vimeng'enya vya ini, ALT na AST, husaidia, lakini matokeo ya kawaida hayamaanishi kuwa hakuna tatizo. Watu wengi wenye mafuta, na hata wengine wenye makovu, huwa na vimeng'enya vya kawaida.

Swali muhimu zaidi si kama mafuta yapo, bali kama makovu yameanza. Kwa ajili hiyo madaktari hutumia hesabu iitwayo FIB-4, ambayo haihitaji mashine mpya. Umri wa mgonjwa huzidishwa kwa AST. Kisha chembe sahani, yaani zile zinazogandisha damu, huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Jibu la kwanza hugawanywa kwa la pili.

Kwa mfano, mtu wa miaka 50 mwenye AST ya 40, ALT ya 36 na chembe sahani 200 hupata 2,000 kugawanywa kwa 1,200, yaani karibu 1.67. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Zaidi ya 2.67, uwezekano ni mkubwa. Katikati ya hapo, kama ilivyo kwa mtu huyu, mgonjwa huhitaji kipimo cha ziada cha ugumu wa ini katika hospitali kubwa.

Hesabu hii haifai sana kwa wenye umri chini ya miaka 35, na kwa waliopita 65 kiwango cha chini hupandishwa hadi 2.0. Katika eneo la ziwa kuna tahadhari nyingine mbili. Malaria hushusha chembe sahani, hivyo damu isichukuliwe kwa hesabu hii wakati mtu anaugua homa hiyo. Wengu uliovimba kwa kichocho nao hushusha chembe hizo, na matokeo yanaweza kumpotosha daktari asiyejua historia ya mgonjwa.

Tiba iliyo sahanini

Tiba yenye ushahidi mkubwa kuliko zote ni kupunguza uzani. Kupoteza asilimia 5 ya uzani hupunguza mafuta kwenye ini. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe, na asilimia 10 au zaidi huweza kurudisha nyuma hata makovu. Kwa mtu wa kilo 90, viwango hivyo ni kilo 4.5, kilo 6.3 hadi 9, na kilo 9 kwenda juu. Mtu mwembamba hufaidika hata kwa asilimia 3 hadi 5.

Haraka haina baraka katika jambo hili. Kujinyima chakula ghafla hadi kilo nyingi zipotee kwa wiki moja kunaweza kuliumiza ini. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha.

Chakula cha kienyeji kina majibu mengi. Nusu ya sahani ijazwe mboga: osuga (mnavu), dek (mgagani), apoth (mlenda), kunde au sukuma wiki. Robo iwe samaki, maharagwe, ndengu au kuku, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali. Unga wa mtama, wimbi au mahindi yasiyokobolewa una nyuzinyuzi zaidi ya ule mweupe, ingawa nao ukiliwa kupita kiasi hunenepesha.

Ngege aliyechemshwa kwa nyanya na vitunguu humpa mlaji virutubishi vile vile bila mzigo wa mafuta ya kukaangia. Omena nao wanaweza kuoshwa na kupikwa kwa mafuta kidogo badala ya kuelea ndani yake.

Kuhusu sukari, soda moja ya mililita 300 huwa na takriban vijiko 8 vidogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kuwa sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, kwa manufaa zaidi, isizidi vijiko 6 hivi kwa siku kwa mtu mzima. Anayekunywa chai mara tatu kwa vijiko vitatu amepita kiwango hicho kabla ya kugusa soda. Kahawa isiyo na sukari, kwa upande mwingine, imehusishwa na afya bora ya ini katika tafiti nyingi.

Mwendo wa miguu wa kasi kwa dakika 30, siku tano kwa wiki, hupunguza mafuta kwenye ini hata pale mizani isiposhuka. Mwendeshaji wa boda boda anaweza kuugawa muda huo kwa vipande vya dakika kumi anaposubiri abiria.

Pombe na dawa

Jina la ugonjwa huu lisimdanganye mnywaji. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 huwa na karibu gramu 20 za kileo. Anayezidisha chupa kumi kwa wiki kwa mwanamume, au saba kwa mwanamke, huhesabiwa kuwa pombe nayo inaliumiza ini lake. Chang'aa haina kipimo kinachoaminika, hivyo mnywaji hawezi kujua ametumia kiasi gani. Kwa aliyekwisha kupata makovu, kiwango salama ni kutokunywa kabisa.

Dawa mahususi zimeanza kupatikana. Nchini Marekani, dawa ya resmetiromu iliidhinishwa Machi 2024, na semaglutidi, inayotumiwa pia kwa kisukari na kupunguza uzani, ikaidhinishwa kwa ugonjwa huu Agosti 2025. Zote mbili zinalenga wagonjwa wenye uvimbe na makovu ya kiasi, ni za bei ghali, na haziondoi haja ya kubadilisha mlo.

Wagonjwa wengi hutishwa kuwa dawa za kushusha kolesteroli zitaliharibu ini. Kwa kawaida dawa hizo ni salama kwa watu wenye mafuta kwenye ini, na huwalinda dhidi ya mshtuko wa moyo.

Kinyume chake, mitishamba na chupa zinazouzwa sokoni na kwenye magari kwa madai ya "kusafisha ini" hazijathibitishwa, na baadhi ya mimea huliumiza ini moja kwa moja. Ini halihitaji kusafishwa, kwani kazi yake yenyewe ni kusafisha.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Macho kugeuka manjano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, kutapika damu, choo cheusi kama lami au mgonjwa kuchanganyikiwa ni dalili kwamba ini limelemewa. Mtu wa namna hiyo hapaswi kusubiri hadi kesho. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti na kufunguliwa 1969, na ambayo wenyeji bado huiita "Russia", hupokea wagonjwa wanaotumwa kutoka kaunti zote za eneo la ziwa.

Lakini wengi wanaofika wakiwa katika hali hiyo huwa wamechelewa. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, na yeyote ambaye mshipi wake umeongezwa matundu mawili au matatu katika miaka ya karibuni, ana sababu ya kutosha ya kumwomba daktari amkague ini angali anajihisi mzima.